Mpangaji Anayejenga Nyumba Isiyo Yake

Mwaka wa kwanza nilipopanga Mbagala, nililipa kodi ya miezi 12 siku ya Jumamosi. Noti zilihesabiwa mara mbili juu ya meza ya plastiki, mama mwenye nyumba akazifunga kwenye pindo la khanga yake, akaniombea heri na kunikabidhi funguo. Jumatatu asubuhi lori lilirudi kinyumenyume hadi ubavuni mwa nyumba, likamwaga mchanga. Siku mbili baadaye ikaja saruji. Mwezi haujaisha, vyumba viwili vya uani ambavyo nilivikuta boma, kuta zimeota majani, vikawa vimefungwa lenta na mafundi wanapima mbao za kupaulia. Nilipita pale kila asubuhi nikienda kuoga, ndoo mkononi, wala sikujua kwamba napita kando ya pesa zangu. Nilikuwa nimemkopesha mama yule mtaji wa kujenga, bila riba, bila dhamana, na bila karatasi yoyote inayosema hivyo.

Mazungumzo kuhusu wenye nyumba na wapangaji hapa Dar es Salaam huanzia kwenye tabia na kuishia hukohuko. Mpangaji atakusimulia mwenye nyumba anayefunga geti saa nne usiku, anayehesabu wageni wako, anayesema maji yamekatika kumbe kafunga koki. Mwenye nyumba naye atakusimulia kijana aliyekaa miezi minne baada ya kodi kuisha, kisha akaondoka alfajiri akaacha kufuli mlangoni na deni la umeme. Visa hivi vyote ni vya kweli, na nimeishi ndani ya baadhi yake. Lakini tabia haielezi kwa nini watu waungwana kabisa, wanaoamkiana kila siku na kuzikana, hugeukiana mwezi wa kodi unapofika. Jibu lipo kwenye namna pesa inavyotembea kati yao. Inakwenda yote kwa siku moja, kabla mtu hajalala hata usiku mmoja ndani ya chumba, na ikishakwenda, aliyeitoa hana tena cha kushikilia.

Tuchukue chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Bei hiyo haitishi. Lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani 480,000, na dalali aliyekuonyesha chumba anataka kodi ya mwezi mmoja, hata kama alitembea nawe mitaa miwili tu. Hujanunua godoro, umeshatoa 560,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni 500,000, na huyo ni mtu mwenye uhakika wa mwisho wa mwezi. Muuza matunda, dereva wa bodaboda, mama lishe na fundi simu wanapata kwa siku na kutumia kwa siku. Kodi ikikaribia utawaona wanakimbilia vikoba, wanaomba wapewe mchezo kabla ya zamu yao, wanauza friji, au wanaingia kwenye mikopo ya mitaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Hapo ndipo penye uchungu wenyewe: mpangaji anakopa kwa riba kubwa ili amkopeshe mwenye nyumba bila riba.

Na pesa hiyo hairudi. Ukilipa mwaka ukapata kazi Dodoma mwezi wa tatu, utaambiwa utafute mtu wa kuchukua chumba, naye akulipe wewe. Ukikosa mtu, miezi tisa imekwenda na maji. Ukigombana na mwenye nyumba mwezi wa pili, utavumilia hadi wa kumi na mbili, kwa sababu kuhama ni kumwachia akiba yako yote. Nimewajua wanawake waliokaa katika nyumba ambazo mtoto wa kiume wa mwenye nyumba alikuwa akigonga mlango usiku, wakahesabu siku hadi kodi iishe. Hawakuwa waoga. Hawakuwa na 480,000 nyingine.

Lakini tumtazame pia anayepokea, maana ni rahisi kumchora kama mnyonyaji aliyekunja nne kibarazani. Mwaka 2002 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wasiofika milioni 2.5. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Katika miaka 20 wameongezeka watu karibu milioni tatu, na wote wamelala mahali. Nani aliwajengea? Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limejenga, lakini nyumba zake ni tone katika bahari hii. Waliojenga ni mwalimu aliyemwaga kiinua mgongo chake chote kwenye matofali, mjane aliyeachiwa kiwanja Yombo, fundi magari aliyeanza na chumba kimoja Gongo la Mboto na kuongeza kingine kila alipopata. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejenga kwa mkopo wa benki. Riba ya mkopo wa nyumba kwa miaka mingi imezunguka kati ya asilimia 15 na 19, na benki inataka hati, wakati karatasi aliyonayo mjane yule ni ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa hiyo anajenga kama wanavyojenga wenzake: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, kisha kimya cha miaka mitatu, nondo zinapata kutu juu ya nguzo, mpaka siku atakapopata wapangaji wa kulipa mkupuo. Kodi ya mwezi mmoja mmoja angeila. Kodi ya mwaka inaezeka bati.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo hili lingeisha kwa kuandika kwenye sheria kwamba kodi ilipwe kila mwezi, basi. Pendekezo hilo limesikika mara nyingi, hata bungeni, na nia yake naiheshimu. Lakini ukimwondolea mjane wa Yombo mkopo wake wa pekee bila kumpa mwingine, atapandisha kodi, atapangisha kwa siri, au vile vyumba vya uani vitabaki boma. Mpangaji wa kesho ndiye atakayekosa pa kulala.

Kuna jambo jingine linalofanya uhusiano huu kuwa mgumu kuuweka kwenye karatasi, nalo ni nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Manzese, Buguruni au Temeke ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba mara nyingi anaishi humohumo, chumba cha mbele. Watoto wa wapangaji wanamwita bibi. Anajua nani hakupika leo. Nilipougua malaria mwaka ule wa kwanza, mama yule aliniletea uji siku nne mfululizo, asubuhi na jioni, na kikombe alikifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie. Sasa mtu aliyekuletea uji unamwambiaje kwamba unataka risiti? Kuomba mkataba kunaonekana kama kumshuku. Naye kukuandikia notisi kunaonekana kama kukufukuza ukooni. Basi kila kitu kinabaki mdomoni, na siku ya ugomvi kila mdomo unakumbuka vyake.

Ukitaka kuona ugomvi huo unavyozaliwa, tafuta daftari la LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kwetu lilining'inia kwenye msumari ukumbini, kalamu imefungwa kwa uzi. Mita ilikuwa moja, vyumba sita. Kila mpangaji aliandikiwa vitu vyake: taa, redio, runinga, feni, friji, pasi. Mwenye friji alichangia zaidi ya mwenye taa tupu, na hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa kwenye pasi. Dada wa chumba cha pili alikuwa mhudumu wa hoteli, alipiga pasi sare yake kila siku, na jirani yake alipiga siku ya Ijumaa tu, kwa ajili ya msikiti. Walipe sawa? Uniti zikiisha usiku, milango sita ilifunguka kwa pamoja na kila mmoja akauliza gizani nani kawasha hita. Mama mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenye mita, aligeuka hakimu wa kesi zisizo na ushahidi. Leo dalali akikutangazia chumba, sifa anayoitaja mapema kabisa ni kwamba kina LUKU yake. Watu wanailipia zaidi, na nadhani wananunua amani kuliko umeme.

Kisha mwaka 2021 kodi ya majengo ikaingizwa kwenye mita hiyohiyo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Mdaiwa halali ni mwenye jengo. Anayekatwa ni yeyote anayenunua umeme. Kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule, mpangaji alitakiwa kukubaliana na mwenye nyumba ili pesa hiyo ifidiwe kwenye kodi ya pango, lakini hayo ni maelezo yanayodhani kuna mkataba mahali fulani wa kuandikia mapatano hayo. Katika nyumba yetu makato yalimwangukia aliyetangulia kununua mwezi ulipoanza. Matokeo yake hakuna aliyetaka kutangulia. Tarehe mosi tulikaa gizani, vyumba vyote sita, kila mmoja akisubiri mwenzake achoke. Shilingi 1,000 si pesa ya kukaa gizani. Ila kila mmoja wetu alihisi, bila kuweza kulisema vizuri, kwamba tayari anabeba mzigo wa jengo lisilo lake. Kiswahili chetu chenyewe kinatumia neno moja, kodi, kwa unachomlipa mwenye nyumba na unachoilipa serikali, na mwaka ule vitu hivyo viwili vilikutana ndani ya mita moja, mfukoni mwa mtu mmoja.

Nchi hii iliwahi kuutazama uhusiano huu kwa macho makali kuliko leo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha; kodi ya nyumba ilihesabiwa kuwa jasho la mwingine. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, yenye mabaraza ya kusikiliza wapangaji na utaratibu wa kupanga kodi. Halafu upepo ukageuka. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na sheria ile ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya watu wawili. Sitamani turudi 1971. Nyumba nyingi zilizotaifishwa zilichakaa kwa kukosa matunzo, na wenyewe waliozijenga walipata jeraha ambalo familia zao hazijalisahau. Lakini kutoka kwenye kudhibiti kila kitu hadi kutodhibiti chochote ni safari ndefu mno kwa miaka 34, na njiani tuliangusha kitu cha thamani: mahali pa karibu ambapo mpangaji angepeleka lalamiko lake bila wakili.

Sheria haikutoweka kabisa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata kama ulikubaliwa kwa mdomo. Pasipotajwa muda, hesabu inafuata namna kodi inavyolipwa, na notisi haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi hicho: anayelipa kwa mwezi apewe mwezi. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa utulivu. Kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa vyombo nje mvua ikinyesha si njia ya kudai nyumba, hata kama unadai kweli. Tatizo ni umbali. Mgogoro unaanzia kwa mjumbe, unapanda serikali ya mtaa, unafika baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa deni la 240,000, nani atapanda ngazi hiyo? Mpangaji anahama huku analaani. Mwenye nyumba anabadilisha kitasa. Nimesema mwenye nyumba pia kwa makusudi, kwa sababu mstaafu anayeishi kwa kodi ya vyumba vitatu, kisha chumba kimoja kikakaliwa miezi minane bila senti, naye anaumia, na yeye pia hana mahali pa haraka pa kwenda.

Majirani zetu wa Kenya wana mazoea tofauti. Nairobi mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi pamoja na amana, kwa kawaida ya mwezi mmoja, na msimamizi wa ploti anapita milangoni tarehe tano. Kuingia ni rahisi zaidi. Kutoka pia ni rahisi zaidi, hata kwa asiyetaka kutoka: ukichelewa wiki moja unaweza kukuta kufuli geni mlangoni. Wana baraza la kodi, lakini sheria inayoliunda inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma na bei za leo.

Mombasa ndiko kunakonivutia zaidi, kwa ule utaratibu wa zamani wa nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, na ardhi chini yake ni ya mwingine, ambaye mwenye kuta humlipa kodi ya kiwanja. Mwenye kuta huyo naye anapangisha vyumba. Asubuhi ni mwenye nyumba, jioni ni mpangaji, na anajua hofu ya pande zote mbili: ardhi ikiuzwa, nyumba yake imesimama hewani. Wapo waliokaa hivyo vizazi vitatu. Naitaja Mombasa kwa sababu pale, angalau kwa jina, watu walikubali kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na haki mbili juu yake, ya aliyejenga na ya mwenye mahali. Huku kwetu aliyelipa mwaka mzima ametia pesa zake ndani ya kuta, na hakuna jina la haki yake.

Ningependa iwe na jina. Kodi inayozidi miezi mitatu mbele ihesabiwe kuwa deni analodaiwa mwenye nyumba: iandikwe, ipungue mwezi hadi mwezi, irudishwe sehemu iliyobaki mpangaji akiondoka kwa notisi, na iifuate nyumba ikiuzwa au mwenyewe akifariki. Mjane wa Yombo ataendelea kupata pesa za bati. Ila atajua kwamba amekopa, na aliyemkopesha atajua pia. Wapo watakaopunguza wenyewe miezi wanayodai, kwa sababu deni lililoandikwa lina uzito ambao noti kwenye pindo la khanga hazina. Hili halihitaji mahakama mpya. Ofisi ya mtaa tayari ina meza, kitabu na muhuri.

Nalisema kwa sababu nimeuona muhuri huo ukifanya kazi mara moja. Miaka mitatu baada ya lile lori la mchanga, mama mwenye nyumba alifariki. Arobaini haijafika, watoto wake wanne walianza kuja mmoja mmoja. Mkubwa alitaka kodi ilipwe kwake. Wa pili alileta mnunuzi akamtembeza ukumbini huku sisi tunakula. Wa mwisho, ambaye alikuwa amemuuguza mama, alilia tu. Msimamizi wa mirathi alipoteuliwa na mahakama ya mwanzo alituita uani na kutuambia kila mmoja aonyeshe amelipa hadi lini.

Wapangaji watano tulisema kwa mdomo. Mmoja wetu aliambiwa anadanganya, na huenda kweli alijiongezea mwezi. Hakukuwa na wa kuthibitisha wala wa kukanusha, kwa kuwa aliyepokea pesa alikuwa kaburini. Mimi nilibakiza miezi miwili, nikakubaliwa mmoja. Yule dada mhudumu wa hoteli aliingia chumbani kwake akatoka na ukurasa wa daftari la shule, umekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Uliandikwa kwa mkono: chumba cha pili kushoto, miezi 12, kuanzia tarehe fulani, shilingi kadhaa. Chini kulikuwa na sahihi ya marehemu, dole gumba la shahidi, na muhuri wa serikali ya mtaa uliofifia kidogo pembeni. Kumbe siku ile alipolipa alimwambia mama kwamba kazini kwake wanadai uthibitisho wa makazi, wakaenda wote wawili ofisini wakicheka. Hakutaka kumuudhi.

Msimamizi aliusoma, akawapitishia watoto wa marehemu mmoja baada ya mwingine. Mkubwa aliutazama muda mrefu, hasa ile sahihi ya mama yake, kisha akamrudishia dada kwa mikono miwili. Miezi saba ilikuwa imebaki. Dada alikaa yote saba.